Skani Ikionyesha Mtoto Tumboni Ana Tatizo Kubwa: Jinsi ya Kuomba Huduma Mombasa

Dadangu, ukiambiwa mtoto ana mgongo wazi, maji kichwani, au maradhi ambayo huenda asiishi nayo siku nyingi, usitoke hapo na maneno matupu. Lia kwanza, hakuna wa kukukataza. Kisha omba ripoti iliyoandikwa: jina la tatizo, wiki za mimba, sahihi na muhuri. Ile picha nyeusi inayojikunja kama risiti haimtoshi daktari mwingine. Na Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kwa hiyo ukisomewa Kiingereza cha kitabuni, uliza tena.

Hapo hapo omba barua ya rufaa kwenda Coast General, hospitali kuu ya rufaa hapa Mombasa. Beba kitabu cha kliniki na kitambulisho. Hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kama bado, piga *147#. Wa Likoni, vuka na feri ya alfajiri.

Kwa daktari wa uzazi sema wazi: "Daktari, naomba kuonana na daktari wa watoto kabla sijajifungua, na watu wa huduma shufaa." Wengi wakisikia shufaa hudhani mtoto ameshakatiwa tamaa. Sivyo. Ni kumtuliza maumivu, kumsaidia kupumua na kunyonya, na kukushika mkono wewe na babake. Yaweza kwenda sambamba na matibabu mengine. Ikiwa ni mgongo wazi au maji kichwani, ulizia upasuaji. Hospitali ya Kijabe, kule Kiambu, huwafanyia watoto hao. Kwa hiyo "hakuna la kufanya" usiikubali kabla hujamsikia daktari wa watoto.

Sasa jambo ambalo watu huliruka: mpango wa kuzaa, kwa maandishi. Atawekwa kwenye mashine au la? Nani atampakata kwanza? Nani atamuadhinia? Kwetu Waislamu, mtoto akilia hata mara moja kisha akafa, hupewa jina, akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa. Waambie manesi mapema wasimwondoe kabla babake hajafika. Mkristo anayetaka mwanawe abatizwe naye aliandike hilo.

Daktari atie sahihi. Nakala moja ibane kwa pini ndani ya kitabu cha kliniki, maana uchungu hupenda kuja usiku, na nesi wa zamu huenda asiwe yule mliyezungumza naye.