Jinsi ya kuifuata historia ya KUKL, bendi ya chini kwa chini ya Iceland, bila kupotea njiani

Wengi wanaifikia KUKL kupitia jina la Björk, mwimbaji wao aliyekuja kuwa maarufu, wanaweka albamu yao ya The Eye, dakika tano nyingi wanazima. Mnaanzia pabaya jamani. Hii bendi ilidumu kama miaka mitatu tu, 1983 mpaka 1986, ukiifuata kwa jina lake utakuta singo moja, albamu mbili za studio na kaseti ya shoo ya Paris, basi, umemaliza na hujaelewa kitu. Dawa ni kuwafuata watu, kila mmoja katokea bendi gani na baadaye kaishia wapi, hapo ndo historia inajifungua yenyewe.

Kwanza weka sawa majina. Ile herufi Þ isome kama th ya thamani, na ð ni dh ya dhahabu, kwahiyo sisi hatuna shida nazo. Ukitafuta bendi ya Þeyr na kibodi yako imegoma, andika Theyr. Halafu hawa wengi hawana majina ya ukoo, Benediktsson ni kama useme bin Benedikt, kwahiyo usidhani akina -sson wote ni ndugu, na kwenye orodha zao mtafute mtu kwa jina lake la kwanza.

Haya, sasa tafuta filamu ya Rokk í Reykjavík ya Friðrik Þór Friðriksson, ilitoka 1982. Inaanza na mzee wa ndevu, Sveinbjörn Beinteinsson, kiongozi wa dini ya kale ya kule, anaghani mashairi ya kimila. Usimruke huyo. Baada ya hapo ni bendi juu ya bendi, wewe kaa na kalamu uandike tatu tu: Purrkur Pillnikk, Tappi Tíkarrass na Þeyr. Kwenye Tappi utamuona Björk, binti wa miaka kama 16, kavaa kigauni kama mwanasesere, mashavu kayapaka rangi nyekundu, anarukaruka. Kwenye Purrkur kuna Einar Örn, sio mwimbaji kihivyo, ni mpiga kelele mwenye maneno, na msimamo wake ni kwamba cha maana sio unachoweza, ni unachofanya. Ukiangalia kumbuka nchi nzima ilikuwa na watu kama laki mbili na elfu thelathini hivi wakati ule, redio halali ni ya serikali tu mpaka 1986, televisheni Alhamisi hairushi kitu, bia yenyewe marufuku mpaka 1989, yaani vijana wa Reykjavík, mji mkuu wao mdogo, wanajuana wote na burudani wajitengenezee wenyewe.

Baada ya filamu, santuri moja kwa kila bendi inatosha. Purrkur Pillnikk chukua Tilf ya 1981, nyimbo fupifupi, hata hujakaa vizuri imeisha. Hao ndo walienda kuzunguka Uingereza na The Fall, bendi ya kule, mwaka 1982. Tappi Tíkarrass chukua Miranda ya 1983, sikiliza mara moja songa mbele, kwa maoni yangu ndo nyepesi kuliko zote. Þeyr ndo usiwe na haraka. Mjötviður mær ya 1981 irudie mpaka uzoee gitaa la Guðlaugur Óttarsson na dramu za Sigtryggur Baldursson, maana KUKL imesimama juu ya hao wawili, watu wanashangaa sauti ya mwimbaji wakati mifupa iko huku.

Sasa ndo KUKL yenyewe. Mwaka 1983 kipindi cha redio cha Áfangar kilikuwa kinafungwa, watangazaji wake wakakusanya wanamuziki kutoka bendi tofauti wapige kwenye kipindi cha mwisho: Björk, Einar Örn, Guðlaugur, Sigtryggur, Birgir Mogensen kwenye besi na Einar Melax kwenye kinanda. Ilikuwa iwe ya siku moja, wakanogewa. Anza na singo ya Söngull, ndo uende The Eye ya 1984. Mara ya kwanza fuata dramu tu, sauti zipite, mara ya pili fuata gitaa, ya tatu ndo uwasikilize Björk na Einar Örn wanavyokatizana. Ukianza na sauti utachoka mapema, nakwambia.

The Eye ilitoka London kwa Crass Records, lebo ya wanamuziki wa panki wa Uingereza waliokuwa wanaandika kabisa kwenye makava bei ambayo usizidishe kulipa (sasa nenda kaone wauzaji wa santuri za zamani wanavyoitoza, utacheka). Ukinunua ya zamani, angalia namba yake ni 1984/1. Ile ya pili, Holidays in Europe ya 1986, ni ngumu zaidi, iache mpaka The Eye ikukae.

Mwisho fuata walikotawanyika. Mwaka huohuo wa 1986 KUKL ikavunjika, ikazaliwa lebo ya Smekkleysa na bendi ya Sykurmolarnir, ambao nje wanaitwa Sugarcubes. Reagan na Gorbachev walipokutana Reykjavík Oktoba ile, Smekkleysa wakatengeneza postikadi ya mkutano, wakaziuza, hela ikalipia singo ya kwanza ya Sykurmolarnir. Mwaka uliofuata wimbo wao wa Birthday ukawapa jina Uingereza. Björk yupo, Einar Örn yupo, Sigtryggur yupo, Einar Melax akaja kuingia baadaye, na besi kashika Bragi Ólafsson wa Purrkur. Guðlaugur ndo hayumo. Weka Birthday mara tu baada ya wimbo wowote wa The Eye utasikia pengo lake, gitaa la Þór Eldon wa Sykurmolarnir linang'aa, la Guðlaugur lilikuwa linakwaruza. Kama ni hilo la kukwaruza ulilipenda, usiendelee na Sykurmolarnir, rudi nyuma kwenye Þeyr.