Kagua kiwanja kabla ya kulipa

Ukiuziwa kiwanja cha bei nafuu mno pembezoni mwa Kampala, nenda ukakitazame wakati wa mvua, kwani mashina ya mafunjo yaliyokatwa karibuni, kifusi kipya juu ya udongo mweusi na maji yanayojaa katika shimo fupi ni dalili za ardhi oevu, ambayo Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, imeiweka chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo, kwa mfano, huchuja majitaka ya jiji kabla hayajaingia kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria, ambako maji tunayokunywa huvutwa kupitia mitambo ya maji ya Ggaba. Mihuri ya dalali isikutulize. Muulize kwanza afisa mazingira wa wilaya.