Ukitaka kujua historia ya mnara wa taa wa Laithausi, anzia baharini

Wengi wetu tukienda Laithausi pale Mama Ngina, Mombasa, tunafuata viazi karai na mihogo, unaegesha gari unakula huku ukitizama meli zinavyoingia Kilindini, na mnara wenyewe wa taa, wa Ras Serani, hata hakuna anayeuulizia. Sasa kama wewe unataka kujua habari zake, gugo iache kwanza, nenda siku za bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka sana, asubuhi kwenye saa nne saa tano hivi maji yakiwa yametoka. Utauona mwamba ulivyojitandaza na mlango wa meli ulivyo mwembamba, hapo ushajua kwa nini taa iliwekwa upande huu.

Usiku rudi na simu. Hesabu sekunde tangu taa inapowaka mpaka inapowaka tena, manake kila taa ina mpigo wake ili nahodha asiichanganye na nyengine. Andika, halafu linganisha na ramani za zamani za bahari, mpigo ukiwa tofauti basi taa ilibadilishwa, na hiyo ndo historia yenyewe. Angalia pia taa za jozi, ya mbele fupi ya nyuma ndefu: nahodha akiziona zimepandana yuko njiani, ya nyuma ikijitokeza kulia ujue chombo kimeenda kulia, arudi kushoto.

Kwenye karatasi ndo watu wengi hukwama. KPA, yaani mamlaka ya bandari, imeanza 1978 tu, kabla yake kulikua na East African Harbours Corporation tangu 1969, na nyuma zaidi, kuanzia 1948, ni East African Railways and Harbours. Kwa hivyo ukienda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi ukaulizia KPA ya miaka ya hamsini utarudi mikono mitupu, uliza kwa jina la wakati ule.

Wazee wavuvi nao usiwaulize mnara ulijengwa lini, waulize walikua wanarudi vipi usiku na waliilinganisha taa na kitu gani kupata njia, utachoka wewe kuandika. Picha ziombee ruhusa kwanza, bandari si mbali na askari hawana mchezo.

Na ukikuta mwaka umeandikwa ukutani usiukimbilie, yawezekana ni wa ukarabati tu. Uandike na alama ya kuuliza mpaka upate karatasi ya pili.