Kuipa picha mnato mwendo: kutoka jina la kanga hadi uso wa bibi

Kazi nyingi ninazoletewa ni video za kumbukumbu. Familia inakuja na bahasha ya picha za zamani, inataka dakika tano za kuonyesha siku ya arobaini. Picha hizo zikiwekwa zimetulia tu, moja baada ya nyingine, ikifika ya nne watu wameshageukia simu zao. Zikipewa mwendo wa polepole, wa kusogea na kukaribia, ukumbi unanyamaza.

Kwenye programu za kuhariri video kama iMovie mbinu hii inaitwa Ken Burns, jina la Mmarekani mtengenezaji wa filamu za historia aliyeitumia sana kwenye picha za kale. Programu inaweza kukuwekea mwendo huo yenyewe. Mimi nauweka kwa mkono, kwa sababu programu haijui marehemu ni yupi kati ya watu sita waliopanga mstari. Hapa natumia CapCut ya simu, ambayo wengi wanayo.

Hatua ya 1: pata picha yenye pikseli za kutosha, yaani vile vidoa vidogo vya rangi vinavyounda picha. Video ya kawaida ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Picha ya inchi 4 kwa 6, ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, inakupa pikseli 2400 kwa 3600. Kama imepigwa kwa kulala, gawanya 3600 kwa 1920: unaweza kuikaribia hadi karibu mara 1.9 kabla haijaanza kuwa na ukungu. Kama imepigwa kwa kusimama, upana ni 2400, kwa hiyo una mara 1.25 tu. Ndiyo maana picha ya kusimama naisogeza juu au chini, na kuikaribia naacha. Huna skana? Ilaze picha karibu na dirisha lenye kivuli, shika simu sambamba nayo, na uitoe kwanza kwenye kioo cha fremu. Mwanafamilia akikutumia kwa WhatsApp, mwombe aitume kama hati, isipunguzwe ukubwa.

Hatua ya 2: amua jicho liishie wapi. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko pengine pote, na simu iko mezani, sijaigusa. Hivi karibuni nilikuwa na picha ya bibi amesimama mbele ya pazia la studio, amejifunga kanga, mkono mmoja umeshika ukingo wa kiti. Nilipoikuza kwenye kompyuta nikaona jina la kanga linasomeka, pale karibu na magoti: WEMA HAUOZI. Nikajua picha ianzie wapi. Ianzie kwenye maandishi, ipande taratibu, ipite kwenye ule mkono, iishie usoni. Ningeanza na uso kisha nishuke, ningemalizia kwenye viatu.

Ukiitazama picha ukakosa sababu ya kuisogeza, iache itulie. Kwenye video ya picha 30, mimi huacha tano au sita bila mwendo wowote, hasa zile ambazo mtu anatazama kamera moja kwa moja.

Hatua ya 3: andaa mradi. Chagua umbo la 16:9, ingiza picha, kisha vuta ncha yake hadi ifike sekunde 9. Ikuze kwa vidole viwili mpaka weusi wa pembeni uishe.

Hatua ya 4: weka alama mbili, moja ya pale mwendo unapoanza na moja ya pale unapoishia. Gusa picha kwenye mstari wa muda ili ichaguliwe. Mimi naanza na mwisho. Sogeza mpaka ule mstari mweupe wa katikati ukae kwenye sekunde ya 8, gusa alama ya almasi yenye kijumlisha, halafu panga picha ili uso ukae sehemu ya juu ya fremu, yaani eneo linaloonekana kwenye video, na nafasi ndogo juu ya kilemba. Sasa rudi hadi sekunde ya 2 na uishushe fremu kwenye maandishi ya kanga, maana yake picha yenyewe unaisukuma juu. Almasi ya pili itajiweka yenyewe. Sekunde mbili za mwanzo picha imetulia, na watu wanapata muda wa kulisoma jina. Sekunde ya mwisho imetulia pia, ili wamwangalie bibi.

Kwa picha ya kulala, ikuze asilimia 10 hadi 20 tu ndani ya sekunde 7. Zaidi ya hapo inaonekana kama mtu anaivamia picha.

Hatua ya 5: lainisha mwendo. Bila kulainisha, picha inaondoka ghafla na kusimama ghafla, kama daladala. Weka mstari mweupe kati ya almasi mbili, gusa kitufe chenye mchoro wa mstari uliopinda, chagua umbo linaloanza taratibu na kumaliza taratibu.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Picha ikiingiliana na inayofuata kwa kufifia, usiache mwendo usimame kabla ya kufifia kuisha. Isogeze almasi ya mwisho hadi ncha kabisa ya picha, la sivyo macho yanahisi kama imekwama. Kutulia mwishoni kunafaa pale picha inapokatwa moja kwa moja.

Hatua ya 6: kagua. Tafuta weusi unaochungulia kwenye kona katikati ya mwendo. Angalia nukta ndogo za kanga na mistari ya kikoi: mwendo ukiwa wa polepole mno, michoro hiyo inatetemeka. Ongeza kasi kidogo, au punguza ukali wa picha kidogo, na itatulia. Kwenye picha za kundi, hakikisha hakuna mtoto aliyekatwa uso fremu ilipokuwa inakaribia, maana huenda mtoto huyo leo ni mtu mzima na atakuwa ameketi ukumbini.

Hamisha kwa 1080p, kisha itazame kwenye televisheni ukiwa umekaa mita tatu mbali. Kwenye simu mtetemeko hauonekani.