Boflo la mayai lisilojaa mafuta

Jamani mnaopunguza mwili, mayai ya asubuhi msiyaogope. Yai kubwa lina kalori 70 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kama 120. Basi kinachonenepesha ni kule kuyaogelesha mafutani.

Tia kijiko cha chai kimoja tu cha mafuta, kisha tungule, kitunguu na pilipili boga. Funika, moto mdogo, mpaka tungule zitoe maji, ndipo umimine mayai mawili yaliyopigwa. Funika tena. Yataiva kwa mvuke na yatabaki laini, matamu kweli!

Boflo kata dogo, lichome kwenye kikaango kikavu, siagi acha. Kamulia ndimu, na pilipili kwa anayeiweza.