Jinsi ya kufukua asili ya neno, tuanze na mchafukoge

Kuna kata hapa Ilala inaitwa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, na watu wanalitaja hilo jina kila siku bila kulisikiliza. Sasa ukitaka kujifunza kufukua asili ya neno anza na hili, maana limejianika lenyewe. Mchafukoge ni mtu asiyejijali, nguo hazina mpango, mwili nao anauonea uvivu.

Likate kwanza: mchafu + koge. Halafu kila kipande kitafutie ndugu zake. Mchafu ana chafua, chafuka, uchafu, machafuko, na hapo ndo patamu, kwa sababu tunasema bahari imechafuka na maji yenyewe safi kabisa, tunasema umenichafulia meza wakati umetawanya makaratasi tu hakuna hata tone la tope, kwa hiyo neno limebeba kuvuruga kitu kilichokuwa kimetulia, sio taka peke yake. Mi nilivyoligundua hili nilifurahi sana aisee.

Koge inawashinda vijana kwa sababu wao wanasema kuoga. Wasikilize wazee wa pwani, wanasema kukoga, "nenda kakoge". Ile ku- iligandana na oga ikazaa koga, kisha ikaongezewa ku- nyingine mbele. Kwa hiyo neno zima ni kama mtu anaambiwa, wewe mchafu, hebu ukoge!

Ukishindwa kulikata, angalia kama limehamia. Rafu limetoka Kiingereza, mpirani ni kumchezea mtu vibaya, mtaani ukiambiwa "mbona leo uko rafu" jua nywele au shati havijakaa sawa.

Ila jamani tuwe makini na sauti zinazofanana. Shaghalabaghala lina "baghala" ndani yake, na baghala ni nyumbu, basi mtu anatunga hadithi ya nyumbu kamwaga mizigo sokoni na watu wanaisambaza. Usikubali mpaka vipande vyote viwili vipate maelezo, hiyo "shaghala" nayo imetoka wapi? Na jina la mahali ni kazi nyingine kabisa, vipande vinakwambia neno linasema nini, havikwambii nani aliitwa hivyo wala lini, hapo itabidi ukae na wazee wa mtaa huohuo na uwaulize zaidi ya mmoja.