SOMO: Mafua yasiyokwisha yana ratiba. Namna ya kumtambua mchokozi aliye hewani

Habari zenu wapendwa. Somo hili niliahidi tangu masika, leo nalileta.

Binti yangu akiwa na miaka saba alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kwa chafya. Nane, tisa mfululizo, halafu anaisugua pua kwa kiganja kuelekea juu, mpaka ikaota mstari mwembamba juu ya ncha ya pua. Mwaka ule alimeza antibiotiki mara tatu. Tulikuwa Dar, chumba cha chini, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Likizo ya Juni akaenda kwa bibi yake Dodoma, akalala mkekani, na siku ya tano chafya zikakata. Aliporudi, usiku wa pili zikaanza upya. Hapo ndipo niliponunua daftari.

Hatua ya 1: Hakikisha ni aleji, yaani mwili kukikataa kitu ambacho wengine hakiwadhuru. Mafua ya virusi huja na homa au maumivu ya mwili, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Ya aleji hayana homa. Kamasi ni jepesi kama maji, pua na macho vinawasha, chafya zinakuja kwa mkupuo, na hali hiyo hujirudia miezi nenda rudi. Ukiona kifua kinabana au kinapiga filimbi, usiendelee na somo hili peke yako. Nenda kituo cha afya, hiyo huenda ni pumu.

Hatua ya 2: Andika kwa wiki nne. Kila shambulio liandikie mambo manne: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, na hali ya hewa ilikuwaje. Usiandike unachokihisi kuwa chanzo. Ukishaandika "vumbi la barabarani" siku ya kwanza, utaliona hilo tu siku zote.

Msidharau daftari. Kati ya mwaka 1981 na 1987 mji wa Barcelona, Hispania, ulipatwa na milipuko 26 ya pumu. Siku moja watu wanajazana hospitali wakihema, kesho yake kimya. Kwanza ulishukiwa moshi wa magari na viwanda, na hesabu haikukubali. Watafiti wakakaa na rejista za hospitali, wakaangalia wagonjwa walizidiwa wakiwa wapi na saa ngapi. Wengi walikuwa karibu na bandari. Wakachukua orodha ya meli, na siku za mlipuko zikaangukia siku za kupakua soya. Ghala moja la nafaka halikuwa na vichujio vya kuzuia vumbi, upepo ukiwa mdogo vumbi la soya linatanda juu ya mitaa. Vilipowekwa vichujio, milipuko ikakoma. Kilichowafikisha pale ni lini na wapi, na hayo hata wewe unaweza kuyaandika.

Hatua ya 3: Isome ratiba yako.

Usiku na alfajiri, kitandani: mshuku utitiri wa vumbi. Ni mdudu wa kama theluthi moja ya milimita, anakula magamba ya ngozi tunayopukutisha usingizini. Haumi. Kinachotusumbua hasa ni kinyesi chake, kinapokauka na kupeperuka kila ukigeuza mto. Hanywi maji, huvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevunyevu hukauka na kufa. Sasa mnaelewa kwa nini Dodoma ilimtibu binti yangu na Dar ikamrudisha alipokuwa.

Nje, wiki chache baada ya mvua, nyasi zikichanua: chavua, ule unga wa maua. Chumba chenye madoa meusi ukutani au harufu ya uvundo: ukungu. Nyumba zilizobanana, jikoni na kabatini: mende, kwa kuwa kinyesi chake na mabaki ya mwili wake husagika vikawa vumbi. Ukizidiwa nyumba ya mtu fulani tu, uliza kama ana paka.

Hatua ya 4: Pambana na huyo mmoja uliyemwona. Mimi nilianza na kitanda. Shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 na zaidi, maana ya baridi huosha uchafu na kumwacha utitiri hai. Godoro likapata mfuko wa zipu wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, mto wa sufi nikautupa, zulia likatoka. Godoro juani ni jambo jema, lakini jua linaua utitiri tu, kinyesi kinabaki. Lipigwe nje, na mpigaji asiwe mwenye aleji. Kufagia kukavu acheni: piga deki, futa kwa kitambaa kibichi. Mfuko wa godoro peke yake mara nyingi hautoshi, fanyeni yote kwa pamoja na mvumilie miezi.

Hatua ya 5: Peleka daftari kwa daktari. Kipimo cha ngozi au cha damu kitathibitisha. Dawa ya kupulizia puani yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ikitumika kila siku kama ulivyoelekezwa, kwa pua iliyoziba hufanya kazi kuliko vidonge.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, niko Nairobi. Kila Oktoba jakaranda zikichanua naumwa macho. Zikatwe?
Hapana, mpenzi. Ua linalopendeza huwaita wadudu, chavua yake ni nzito na inanata, haisafiri mbali. Mtazame jirani yake asiyependeza: nyasi. Chavua yake hubebwa na upepo.

Mwalimu, nimemtoa paka wiki tatu zilizopita, mafua yako palepale.
Kinachosumbua hutoka kwenye mate na ngozi ya paka, hukaukia kwenye manyoya, kisha hushika sofa na mapazia. Hudumu miezi kadhaa. Fua na futa kila kitu, usikate tamaa.

Je, udi na dawa ya mbu ya kuchoma ni aleji?
Ni moshi, na moshi huchubua njia ya hewa ya mtu yeyote. Kwa mwenye aleji ni kumwagia chumvi kidonda. Mkaa nao vilevile.

Mbona babu zetu hawakuwa na haya?
Mwaka 1989 mtafiti David Strachan alichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 17,000 wa Uingereza: kadiri mtoto alivyokuwa na kaka na dada wengi waliomtangulia, ndivyo aleji ya chavua ilivyokuwa adimu. Baadaye watoto waliokulia karibu na mazizi ya ng'ombe Ulaya walionekana kuwa na nafuu hiyohiyo. Utafiti wa kimataifa ulioanza 1991 nao ulikuta dalili za pumu nyingi zaidi kwa vijana wa Nairobi kuliko wa Eldoret, mji mdogo zaidi. Maisha ya mjini yanachangia.

Ndugu, mimi ni wa Bukavu, sasa naishi Melbourne. Kule sikuwa na kitu, huku mwaka wa tatu napiga chafya kila Novemba. Ni ya kawaida?
Ndiyo, ndugu yangu. Mwili huchukua misimu kadhaa kuzoeana vibaya na chavua ngeni. Ila wewe nakuomba uwe makini zaidi. Tarehe 21 Novemba 2016, hapo hapo Melbourne, mvua ya radi ilipasua chavua za nyasi zikawa chembe ndogo zinazofika hadi ndani ya mapafu. Watu 10 walifariki, na wengi waliokimbizwa hospitali walikuwa na mafua ya chavua tu, pumu hawakuwahi kuambiwa wanayo. Msimu huo ukisikia utabiri wa radi, ingia ndani na ufunge madirisha kabla upepo wa mvua haujafika. Muulize daktari wako sasa hivi kama unahitaji inhela (dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo) ya kukaa nayo mfukoni.

Inhela si inazoesha? Mama mkwe amenikataza kumpa mtoto.
Haizoeshi. Mwambie mama kwa heshima, mkae naye mbele ya daktari. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa hazipatikani au hazitumiki. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, mpe inhela ya kutuliza na muondoke kwenda hospitali saa hiyohiyo.